Sanda: jina lililoachwa Msimbazi na msimu wa 1972/73

Kibaraza kilikuwa na vumbi kidogo kwa sababu nimehamia huku Hombolo kwa muda, kilomita kama 40 hivi kutoka Dodoma mjini, na mtandao wa huku unakuja na kuondoka kama mvua ya Ugogoni. Nilitaka niandike kuhusu bwawa, maana bwawa hili lililojengwa mwaka 1957 lina mambo mengi, na kuhusu wakulima wa zabibu. Hayo yatasubiri. Leo naandika mpira. Tena mpira wa Uingereza, na tena wa daraja la pili! Msinikimbie, mtaona unavyofika hadi mtaa wa Msimbazi.

Tuanze na jambo ambalo wazee wanalijua na vijana wengi wa rika langu wanalisikia kama hadithi ya sungura na fisi. Simba Sports Club haikuzaliwa ikiitwa Simba. Ilianzishwa mwaka 1936, mwaka mmoja baada ya Yanga. Kwanza iliitwa Queens, halafu Eagles, halafu ikawa Sunderland. Ni kwa jina hilo la Sunderland kwamba ilichukua ubingwa wa kwanza kabisa wa ligi ya taifa mwaka 1965, ikautetea mwaka 1966. Ni kwa jina hilo hilo ilipigwa na Yanga mabao 5-0 tarehe 1 Juni 1968, kipigo ambacho mashabiki wa Yanga walikitambia hadi walipolipwa 6-0 mwaka 1977. Mwaka 1971 jina la Sunderland likawekwa chini, likachukuliwa la Simba.

Kwa nini liliwekwa chini? Hapa hakuna fumbo kubwa. Ulikuwa mwaka wa Mwongozo wa TANU, Azimio la Arusha lilikuwa na miaka minne, na nchi nzima ilikuwa inavua nguo za mkoloni moja baada ya nyingine. Wazee wa Msimbazi husimulia kwamba Mzee Abeid Amani Karume ndiye aliyewahimiza waachane na jina la Kizungu watafute la kwao. Wakatafuta, wakapata mnyama. Ukiniuliza mie, lilikuwa chaguo zuri, wala sina hamu ya kuona jina la zamani likirudi.

Ila nilipokaa na babu mmoja hapa Hombolo Bwawani, mzee aliyewahi kubeba mizigo bandarini Dar es Salaam ujana wake kabla ya kurudi nyumbani kulima, nikagundua kitu. Nilimwamkia shikamoo babu, akaitika marahaba mjukuu wangu, tukaongea ya mvua na ya mtama, na mpira ulipoingia hakusema Simba hata mara moja. Alisema Sanda. "Sisi Sanda tulikuwa na kandanda." "Sanda akicheza watu walifunga maduka." Nikamuuliza, babu, hiyo Sanda ni nini? Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mama yake. Ni Sanda tu. Ni sisi!

Sunderland ya Uingereza hakuwa na habari nayo. Hajawahi kuiwaza. Jina lilishatoka kwa wenyewe, likafupishwa, likapoteza Kiingereza chake chote, likawa la wabeba mizigo wa Dar es Salaam.

Basi nikasema ngoja niwatafute hao wenye jina lao. Walikuwa wapi siku sisi tunalivua?

Walikuwa daraja la pili.

Na hilo kwao lilikuwa msiba. Sunderland ni mji wa kaskazini mashariki mwa Uingereza, mdomoni mwa mto Wear, mji wa watengeneza meli na wachimba makaa ya mawe. Klabu yao ilikuwa kubwa kweli kweli. Ilikuwa bingwa wa nchi mara 6, mara ya mwisho msimu wa 1935/36, yaani mwaka ule ule ambao vijana wa Dar walijitenga na wenzao wakaanzisha timu ambayo baadaye ingebeba jina lao. Mwaka 1937 wakachukua Kombe la FA. Waliingia ligi ya juu mwaka 1890 na hawakushuka hata siku moja mpaka 1958. Miaka 68! Wengi wa walioshuhudia mwanzo wa safari hiyo walikuwa wameshazikwa. Mwaka 1958 wakashuka, mwaka 1964 wakapanda, mwaka 1970 wakashuka tena. Kwa hiyo mwaka 1971, Msimbazi walipokuwa wanalikunja jina na kuliweka kabatini kama nguo ya mkubwa aliyeondoka, huyo "mkubwa" mwenyewe alikuwa anagombana na timu za miji midogo midogo katika daraja la pili, na msimu huo wa 1970/71 alimaliza wa 13.

Sasa tuje kwenye msimu wenyewe niliotaka kuuandika, wa 1972/73.

Ulianza vibaya. Kocha Alan Brown, mtu wa nidhamu kali aliyewahi kuwafundisha na mara ya kwanza iliposhuka, alifukuzwa Novemba 1972. Timu ilikuwa karibu na mkia. Wasiwasi wa mji haukuwa tena kupanda, ulikuwa kwamba huenda wakashuka mpaka daraja la tatu, jambo ambalo mpaka wakati huo lilikuwa halijawahi kutokea katika historia yao. Mwishoni mwa mwezi huo akaletwa Bob Stokoe kutoka Blackpool.

Hapa kuna kitu ambacho Mtanzania anakielewa haraka kuliko mtu mwingine. Stokoe alikuwa mtu wa Newcastle. Newcastle na Sunderland ni kama Yanga na Simba, miji miwili imekaa karibu karibu na kuchukiana kwa furaha. Stokoe aliichezea Newcastle miaka mingi na kushinda nayo Kombe la FA mwaka 1955. Fikiria mchezaji wa Jangwani, tena wa damu, anakabidhiwa Msimbazi inapozama! Mechi yake ya kwanza alifungwa 1-0 nyumbani na Burnley, ambao ndio walikuja kuwa mabingwa wa daraja hilo.

Moja ya mambo ya mwanzo aliyofanya Stokoe halihusu mbinu hata kidogo. Brown alikuwa amewavisha wachezaji bukta nyeupe. Stokoe akarudisha bukta nyeusi za zamani, zinazovaliwa na jezi ya mistari mekundu na meupe. Mimi mambo haya ya rangi huwa nayacheka, lakini nikakumbuka kwamba hapa kwetu mtu anaweza kukataa kupaka nyumba yake rangi ya kijani kwa sababu ya mpira, nikanyamaza. Halafu akafanya ya mpira wenyewe. Dave Watson, aliyekuwa anachezeshwa mbele, akatulizwa nyuma kama beki wa kati, na baadaye alikuja kuwa nguzo ya timu ya taifa ya Uingereza. Ron Guthrie akaletwa kutoka Newcastle, mtani mwingine huyo, na mwezi Februari Vic Halom akaletwa kutoka Luton kuwa mshambuliaji. Waliobaki ni wale wale waliokuwa wanafungwa Oktoba.

Wakaanza kushinda. Kwenye ligi wakapanda taratibu mpaka wakamaliza wa 6, na hapo ndipo hadithi ya ligi yao inapoishia. Hawakupanda daraja msimu ule. Nasisitiza hili kwa sababu watu wakisimulia 1973 ya Sunderland husahau kwamba walianza msimu wakiwa daraja la pili, wakaumaliza wakiwa daraja la pili, na walibaki huko mpaka 1976.

Kilichobadilisha kila kitu ni Kombe la FA. Januari 1973 walitoka sare 1-1 na Notts County, timu ya daraja la tatu, wakairudia nyumbani wakashinda 2-0. Raundi ya nne walitoka sare nyumbani, 1-1, na Reading ya daraja la nne! Kocha wa Reading alikuwa Charlie Hurley, beki wa zamani wa Sunderland ambaye mashabiki walimwita Mfalme. Alipigiwa makofi na uwanja mzima, halafu marudiano kwake akafungwa 3-1. Mpaka hapo hakuna mtu nje ya mji ule aliyekuwa anaangalia.

Raundi ya tano ndipo walipokutana na Manchester City, timu ya daraja la kwanza yenye akina Colin Bell, Francis Lee, Rodney Marsh. Kwao Manchester ikawa 2-2. Tarehe 27 Februari wakarudiana Roker Park, uwanja wa Sunderland wa wakati huo, mbele ya watu 51,782, usiku, siku ya Jumanne. Halom akafunga goli moja kwa shuti kali kutoka pembeni ya boksi ambalo wazee wa kule hulisimulia kama wetu wanavyosimulia mashuti ya miaka ile. Billy Hughes akaongeza mawili. 3-1. Kuanzia usiku huo mji ulikuwa haulali.

Nimeiandika makusudi namba hiyo ya 51,782. Ni mechi ya Jumanne usiku, raundi ya tano ya kombe, ya timu ya daraja la pili, zaidi ya miaka hamsini iliyopita, na waliiandika mpaka mtu wa mwisho aliyepita getini. Nitairudia chini.

Robo fainali wakaifunga Luton 2-0, magoli ya mabeki, Watson na Guthrie. Nusu fainali ikachezwa uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, dhidi ya Arsenal, waliokuwa wamechukua ligi na kombe kwa pamoja mwaka 1971. Halom moja, Hughes moja, Charlie George akarudisha moja. 2-1. Tarehe ilikuwa 7 Aprili 1973. Msomaji wa Kitanzania ataijua tarehe hiyo bila kuambiwa. Ilikuwa mwaka mmoja kamili tangu Mzee Karume auawe Zanzibar. Siku nchi yetu inamkumbuka kwa mara ya kwanza mzee anayetajwa kuliondoa jina la Sunderland Msimbazi, Sunderland yenyewe inaingia fainali Wembley. Siisemi kama ishara ya chochote. Nimeiona kwenye kalenda tu, na ikanikalisha chini.

Fainali, Jumamosi tarehe 5 Mei 1973, mvua imenyesha, watu 100,000. Wapinzani ni Leeds United ya Don Revie, mabingwa watetezi wa kombe hilo, timu iliyojaa wachezaji wa timu za taifa za England, Scotland, Wales na Ireland. Bremner, Giles, Hunter, Clarke, Lorimer. Revie mwenyewe aliwahi kuichezea Sunderland katika miaka ya hamsini, na alikuwamo katika kikosi cha Manchester City kilichofungwa na Newcastle ya Stokoe kwenye fainali ile ya 1955. Kwa upande wa pili, wachezaji wa Sunderland ambao hata wapenzi wa mpira wa London walikuwa hawawajui kwa sura. Timu ya daraja la pili ilikuwa haijachukua kombe hilo tangu West Bromwich Albion mwaka 1931.

Mapema, dakika kama ya 31, mpira wa kona wa Hughes ukavuka msitu wa watu ukamfikia Ian Porterfield. Porterfield alikuwa mtu wa mguu wa kushoto. Akautuliza kwa paja la kushoto na kuupiga kwa mguu wa kulia, mguu wake wa kusimamia, ukaenda juu ya nyavu. 1-0.

Kipindi cha pili ni cha kipa, Jim Montgomery. Trevor Cherry alijirusha akapiga kichwa, Montgomery akauparaza ukatoka pembeni. Ukamkuta Peter Lorimer, mmoja wa watu waliokuwa na mashuti makali kuliko wote Uingereza, hatua chache tu kutoka golini na goli liko wazi. Lorimer akapiga. Watangazaji walishaanza kusema goli. Montgomery, akiwa bado anatoka chini alikoangukia, akaugusa ukagonga mwamba wa juu, Malone akaufagia. Nimeutazama mkanda huo mara nyingi kuliko ninavyopaswa, na kila mara naamini unaingia.

Firimbi ya mwisho ilipolia Stokoe, mtu wa makamo aliyevaa kofia, koti la mvua na suruali nyekundu ya mazoezi, alikimbia kuvuka uwanja mzima. Hakwenda kwa mfungaji wala kwa nahodha Bobby Kerr. Alikwenda kwa kipa. Sanamu yake akiwa katika mbio hizo ilisimamishwa nje ya uwanja wao mwaka 2006. Msimu uliofuata timu hiyo ya daraja la pili ilicheza Kombe la Washindi barani Ulaya, ikaitoa Vasas ya Budapest, ikatolewa na Sporting ya Lisbon.

Sasa turudi nyumbani, maana 1973 haikuwa ya Sunderland peke yao.

Huku kwetu Yanga walikuwa wamechukua ubingwa mfululizo kuanzia 1968 hadi 1972. Miaka mitano! Tangu jina lilipobadilika Msimbazi walikuwa hawajaonja ubingwa. Tarehe 23 Juni 1973, wiki saba baada ya Wembley, Simba wakaifunga Yanga 1-0, goli la Haidari Abeid "Muchacho", na mwaka huo wakawa mabingwa. Ndio ubingwa wa kwanza kwa jina la Simba. Kwa hiyo jina la zamani na jina jipya yalipata mwaka wao pamoja, moja kwa Waingereza na jingine kwetu. Mwaka uliofuata, 1974, Simba wakafika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, wakiwa wamewatoa Hearts of Oak wa Ghana njiani, wakatolewa na Mehalla ya Misri kwa penalti baada ya kila mmoja kushinda 1-0 kwake.

Na huku Dodoma? Mwaka huo huo, Oktoba 1973, TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, ikaundwa na CDA ya kuujenga mji. Watu wa vijiji vya huku walikuwa bado wanaizoea Operesheni Dodoma iliyowahamisha kutoka kwenye maboma yao na kuwapanga kwenye vijiji vya ujamaa. Babu yangu huyu wa Hombolo alikuwa Dar wakati huo, na goli la Muchacho anasema alilishuhudia akiwa amebanwa katikati ya watu mpaka miguu haigusi chini. Akanionyesha kwa mikono jinsi mpira ulivyokwenda. Kisha akasimama, akaanza kunionyesha mtu mwingine alivyotoa pasi, halafu mwingine, halafu akakwama kwenye jina la beki mmoja wa Yanga, akakaa chini akaanza kulitafuta. Tulikaa muda mrefu. Hakulipata. Watu watatu waliopita akawauliza, wote vijana, wakacheka.

Hapo ndipo ile 51,782 iliponichoma. Ninaweza, nikiwa nimekaa juu ya gogo Hombolo na simu yenye chaji asilimia 20, kujua nani alipiga kona Wembley, nani alituliza kwa paja gani, na watu wangapi walilipa kiingilio Roker Park Jumanne usiku. Ya Msimbazi ya mwaka ule ule inakaa katika kichwa cha mzee ambaye anasahau jina la beki. Tulibadilisha jina ili tuwe sisi wenyewe, na nakubali kabisa tulipaswa kulibadilisha. Lakini kubadilisha jina ni kazi ya mkutano mmoja. Kuandika ni kazi ya kila Jumamosi, kila mechi, kila kiingilio, na kazi hiyo tuliiacha kwa redio na kwa wazee, na redio haikukata kanda zote zikahifadhiwa, na wazee hawaishi milele. Wenzetu wa kule wangekuwa na Sanda yao wangekuwa na vitabu kumi juu ya mwaka 1973 peke yake.

Waandishi wenzangu mtasema kijana anapiga kelele. Haya, piga hesabu ya klabu zetu kubwa mbili, halafu niambie nyumba ya makumbusho ya mpira unayoweza kumpeleka mtoto akaziona jezi za 1973.

Nisiwatukuze mno Waingereza lakini. Mji wenyewe wa Sunderland haukubaki na mengi zaidi ya hayo makumbusho. Viwanda vya meli vilifungwa mwaka 1988. Mgodi wa mwisho, wa Wearmouth, ulifungwa mwaka 1993, na juu ya ardhi ya mgodi huo ndipo walipojenga uwanja mpya uliofunguliwa mwaka 1997, ukiwa na sanamu ya taa ya mchimba makaa nje yake. Mwaka 2000 mashabiki wakapiga kura kuchagua jina la utani, likashinda Paka Weusi. Mnaona mambo! Sisi tuliacha jina lao tukachukua simba, na wao baadaye wakajiita paka. Ukoo mmoja.

Naye Porterfield, mfungaji wa goli la Wembley, alikuja kwetu. Ndio, Afrika. Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini pwani ya Gabon, ikaua wachezaji na viongozi wote waliokuwamo. Nchi jirani yetu ikaanza upya na vijana pamoja na wachache waliokuwa wanacheza nje, na mwaka huo huo akaletwa Ian Porterfield kuwafundisha. Walikosa Kombe la Dunia kwa pointi moja, kwa kufungwa 1-0 na Morocco, na Aprili 1994 kule Tunisia wakafika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika, wakafungwa na Nigeria 2-1. Hakuna mtu mwenye akili aliyewategemea wafike hata nusu. Sijui ni makocha wangapi wangekubali kazi ile. Baadaye alifundisha pia Zimbabwe na Oman, na Asante Kotoko ya Ghana, akafariki Septemba 2007.

Sunderland yenyewe ilirudi Dar es Salaam mwaka 2015, kwa mlango mwingine. Pale Kidongo Chekundu, si mbali na mtaa wa Msimbazi, Rais Jakaya Kikwete alifungua kituo cha michezo cha vijana kinachoitwa kwa jina lake, kilichojengwa na kampuni ya umeme ya Symbion kwa kushirikiana na klabu hiyo ya Uingereza. Sikusikia kelele yoyote kuhusu jina.

Wala sikusikia kelele msimu wa 2021/22, pale daraja letu la pili, ambalo kwa miaka mingi tuliliita Ligi Daraja la Kwanza (najua, usiniulize hesabu hiyo), lilipobadilishwa jina likaitwa Championship. Jina hilo hilo ndilo Waingereza walilolipa daraja lao la pili mwaka 2004. Watu wa Dodoma tunalijua daraja hilo vizuri, Dodoma Jiji walipitia huko mpaka walipopanda Ligi Kuu mwaka 2020, na huku vijijini kijana akisajiliwa na timu ya daraja hilo ni habari ya wiki nzima. Nusu karne baada ya kuivua Sunderland tumeivaa Championship, na babu yangu hawezi kulitamka. Analiita "champio". Labda ndivyo litakavyokuwa letu, kama Sanda.

Mwisho wenyewe wa hadithi ni wa Mei 2025. Sunderland walikuwa wamedondoka vibaya, wameshuka mara mbili mfululizo mwaka 2017 na 2018 hadi daraja la tatu, wakapanda 2022. Msimu wa 2024/25, chini ya kocha Mfaransa Régis Le Bris na kikosi cha vijana wadogo, walimaliza wa 4 katika daraja la pili, ingawa walipoteza mechi 5 za mwisho mpaka watu wakawacheka. Kwenye mchujo wakaitoa Coventry kwa kichwa cha Dan Ballard dakika ya 122. Jumamosi ya tarehe 24 Mei wakarudi Wembley, dhidi ya Sheffield United. Niliifuatilia kwenye simu hapa hapa Hombolo, mtandao ukikatika na kurudi. Ulikatika wakiwa wamefungwa 1-0, ukarudi Eliezer Mayenda amesawazisha, ukakatika tena, ukarudi imekwisha 2-1. Goli la dakika ya 95 la Tommy Watson, mtoto wa kule kule kaskazini mashariki, miaka 19, aliyekuwa ameshauzwa Brighton na anaicheza mechi yake ya mwisho. Wakapanda Ligi Kuu.

Kesho yake, Jumapili ya tarehe 25, kibanda umiza cha hapa kilijaa mpaka watu wakachungulia madirishani. Simba walikuwa wanacheza marudiano ya fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane ya Morocco, kwenye uwanja wa Amaan, Zanzibar, wakiwa nyuma 2-0 kutoka mechi ya kwanza. Dakika ya 17 wakafunga na kibanda nusura kianguke. Berkane wakasawazisha dakika za nyongeza, ikaisha 1-1, kombe likaenda Morocco. Goli lile la Simba lilifungwa na Joshua Mutale, na Mutale ni Mzambia.